Msindikize mgeni hadi mikaratusini: kisa cha mkulima wa viazi aliyekatazwa kufagia

Siku niliyofika kwake kwa mara ya kwanza, mama huyu alinyang'anywa ufagio mbele ya macho yangu. Alikuwa ameinama uani akifagia majani ya mikaratusi yaliyoangushwa na mvua ya usiku, hajafika hata hatua nne kutoka mlangoni. Mkamwana wake akatoka jikoni mikono imejaa unga, akaushika ufagio kwa adabu zote. "Mama, acha tu, nitafagia mimi. Wewe pumzika." Mama akauachia bila kusema neno. Akarudi ndani, akaketi kwenye kochi, akajifunika blanketi hadi mabegani, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Umeona, mwanangu? Hivi ndivyo ninavyoishi tangu mwezi wa tisa."

Kazi yangu ni fiziotherapia, hapa Mbeya. Wagonjwa huniita daktari wa mazoezi. Ninaowaona zaidi ni watu wa kiharusi, vijana waliovunjika miguu kwenye bodaboda, watoto waliochelewa kutembea. Wagonjwa wa saratani hawaletwi kwangu mara nyingi, na wakiletwa huwa wamechelewa, mkono umeshavimba au mtu hawezi tena kusimama. Kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu ndani yake yamo madhara mawili. La kwanza lilitokana na mapumziko aliyopewa mgonjwa na watu wanaompenda. La pili lilitokana na ushauri wangu, uliokuwa wa kweli lakini haukuwa na kipimo. Yote mawili nitayaeleza yalivyokuwa.

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 54, mjane, mkulima wa viazi mviringo upande wa Isongole, ukiwa unapandisha kutoka Uyole kwenda Tukuyu. Mambo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike, na mwenyewe ameridhia. Anaishi na mwanawe wa kiume, mke wa mwanawe, na mjukuu ambaye wakati huo alikuwa na miezi minne. Mwezi wa tisa aliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, pamoja na tezi za kwapani. Mwezi wa kumi akaanza kemo, yaani dawa kali za saratani: dripu nane, moja kila baada ya siku 21. Nne za kwanza zilikuwa na ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wote wanaijua kwa rangi yake, nne za mwisho zilikuwa za paklitakseli. Baada ya hapo alitakiwa kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, kwa mionzi. Nilimkuta mwanzoni mwa Desemba, dripu ya tatu imepita wiki mbili.

Karatasi aliyoruhusiwa nayo baada ya upasuaji, kutoka hospitali ambayo sitaitaja, ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu namna ya kuishi: apumzike, asifanye kazi ngumu, asinyanyue kitu kizito kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyeandika apumzike mpaka lini, wala kizito ni kilo ngapi. Familia ikaisoma, ikatii. Maji akateka mwana. Kuni akaleta wifi yake wa nyumba ya pili. Vyombo akaosha mkamwana. Hata mtoto aliondolewa mapajani mwa bibi yake, wakihofu atamtonesha kidonda. Kina mama wa kanisani walikuja kwa zamu, wawili watatu kila siku, wakakaa naye, wakaomba, wakaimba, wakaaga. Kwa miezi mitatu, mwanamke aliyezoea kutoka na jembe saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, alikaa kwenye kochi moja.

Nilichopima siku ile

Nilimwomba aketi kwenye kiti cha mbao, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Alisimama mara 5. Ya sita alijisukuma, akafika nusu, akarudi chini kwa kishindo. Akacheka, kisha machozi yakamtoka. Huyu ni mtu aliyekuwa akipanda mteremko na kapu la mbegu kichwani. Kwake ningetarajia 12 au zaidi.

Mkono wa kushoto ulikuwa unaishia usawa wa bega. Hakuweza kufika kisogoni kujifunga kitambaa, alifungwa na mkamwana. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, wiki ile ilikuwa 9.8, imeshuka lakini si ya kumzuia mtu kutembea. Hakuwa na homa. Hakuwa na maumivu mapya ya mfupa, swali ambalo huuliza kabla ya mengine, kwa sababu saratani ya titi huweza kuingia kwenye mifupa, na mfupa ulioliwa kwa ndani huvunjika kwa mzigo mdogo tu. Nilimuuliza pia kama anakosa pumzi akilala chali, au kama miguu inajaa jioni, maana ile dawa nyekundu inaweza kuudhuru moyo. Alisema hapana kwa yote.

Kilichomsumbua zaidi ni uchovu. "Nachoka kabla sijafanya kitu. Nalala, naamka nimechoka kuliko nilivyolala."

Hapa ndipo kilipo kiini cha kisa hiki. Sisi watu wa jembe uchovu tunaujua vizuri sana: umelima kutwa, umechoka, umelala, asubuhi u mzima. Uchovu wa saratani hauko hivyo. Unatoka kwenye ugonjwa wenyewe, kwenye dawa, kwenye damu iliyopungua, usingizi uliovurugika, huzuni, na misuli iliyokonda kwa kukaa. Kulala hakuuondoi. Familia hii ilikuwa inatibu uchovu wa kemo kwa dawa ya uchovu wa shamba, na kila walipoona dawa haifanyi kazi waliongeza dozi. Alipochoka walimlaza. Alipolala misuli ikapungua. Misuli ilipopungua, kwenda chooni tu kukawa safari, akachoka zaidi, wakamlaza zaidi.

Kupungua huko kuna kasi ambayo wengi hawaidhanii. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye umri mkubwa, wazima wa afya, waliokubali kulala kitandani siku 10. Miguu yao pekee ilipoteza karibu kilo 1 ya misuli. Hao hawakuwa na saratani wala dripu. Na mwaka 2017, watafiti waliokusanya majaribio 113 kuhusu uchovu wa saratani walikuta mazoezi na msaada wa kisaikolojia vikiupunguza uchovu huo kuliko dawa zilizowahi kujaribiwa kwa kazi hiyo. Niliposema hivyo pale sebuleni, mwana wa mama aliniangalia kwa muda. "Kwa hiyo tumekuwa tunamuumiza?" Swali lile lilikuwa zito kwake, niliona. Nilimjibu kwamba waliambiwa wapumzishe, wakapumzisha, na kwamba mwili uliopungua kwa kukaa unaweza kurudi kwa kuinuka.

Wifi na hofu ya kutikisa

Wifi yake hakukubali. Ni mwanamke mkubwa, anayesikilizwa, na alisema alichokuwa akikifikiri: "Ukiutikisa mwili damu inakimbia, na kansa inakimbia nayo. Bora atulie, ilale."

Sikumkatiza. Hofu hii nimeisikia Mbeya, nimeisikia Iringa, na ina mantiki yake: watu wanajua saratani inatembea mwilini, wanajua damu inatembea, wanaunganisha. Nilimwambia damu haisimami hata mtu akilala. Moyo unaisukuma usiku na mchana, kwa hiyo kutulia hakuifungii saratani mlango. Na majaribio ya miaka mingi kwa wagonjwa waliofanya mazoezi hayajaonyesha kwamba kutembea kunaisambaza.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitolewa mwaka 2025, na unahusu saratani ya utumbo mpana, si titi, kwa hiyo nausema kwa mpaka wake. Wagonjwa 889 waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza kemo waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa vijitabu vya afya, jingine likapewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 5, waliobaki hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 80.3 kwa fungu la mazoezi na asilimia 73.9 kwa fungu la vijitabu. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai ni asilimia 90.3 dhidi ya 83.2. Wengi wao kazi yao kubwa ilikuwa kutembea kwa haraka. Kwa titi bado sina jaribio la namna hiyo la kumwekea wifi mezani, na sikumwahidi mtu kwamba kutembea kutamponya. Nilimwambia kutembea kutamwezesha kusimama kutoka kwenye kiti, kulala usingizi, na kuzimaliza dripu tano zilizobaki. Wifi akasema, "Haya, tutaona." Kwa mtu kama yule, hilo ni jibu la heshima.

Kusindikiza

Neno mazoezi lilitushinda mapema. "Mazoezi ni ya vijana wa mpira na wanajeshi," mama alisema. "Mimi nikikimbia pale barabarani watasema kansa imepanda kichwani." Isitoshe alikuwa anaona haya. Upande mmoja wa kifua ulikuwa bapa, na ingawa alijaza vitambaa kwenye sidiria, alihisi kila jicho linaangalia pale.

Ufumbuzi sikuutoa mimi. Nilipoaga, alishika mkono wa kochi akaanza kujiinua. Mkamwana akasema, "Kaa, mama." Mama akamgeukia kwa ukali ambao sikuutegemea: "Mgeni hasindikizwi katika nyumba hii?" Kukawa kimya. Akainuka, akavaa ndala, akanitoa hadi langoni, hatua 40, akashika nguzo akihema. Pale langoni nikajua tumepata dawa yake. Kumwacha mgeni aondoke mwenyewe ni aibu, na aibu hiyo ilikuwa imemuuma kwa miezi mitatu bila mtu kuiona. Na wageni walikuwa tele, kila siku ya Mungu.

Tukapanga hivi. Kila mgeni anayekuja kumwona, mama anamsindikiza. Kwa juma la kwanza hadi langoni tu. Juma la pili hadi kwenye mikaratusi mitatu iliyo njiani, kama hatua 150. Kisha hadi kwenye daraja la mfereji, na mwisho hadi barabara ya lami, kama hatua 900, ambako kurudi ni kupanda. Wageni waliambiwa wasikae sana ndani. Maombi yafanywe, kisha watoke naye. Kwa kasi nilitumia kipimo kinachotumika kila mahali: akiwa anatembea aweze kuongea, asiweze kuimba. Kina mama wa kwaya walikielewa kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumweleza. Akiweza kumaliza ubeti, wanaongeza mwendo. Akishindwa kumaliza sentensi, wanasimama, wanajifanya wanaangalia shamba la mtu, hakuna anayeona haya.

Nyumbani niliongeza mambo mawili. Kusimama na kuketi kwenye kiti, mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, akiongeza moja kila baada ya siku tatu. Na mkono wa kushoto: asimame karibu na ukuta, vidole vipande juu kama mjusi, taratibu, mpaka pale panapovuta bila kuuma sana, mkamwana aweke alama ya mkaa. Ukuta ule wa chokaa leo una alama nane, na ya juu kabisa inapita kichwa chake.

Jingine nililosisitiza ni chakula, maana misuli haijengwi kwa uji mweupe mtupu. Maharage, mayai, maziwa, dagaa. Kwa bahati wana ng'ombe.

Siku 21 ukutani

Kosa ambalo wengi hufanya ni kumpa mgonjwa wa kemo ratiba moja ya kila siku. Dripu ina majira yake. Tulichukua kalenda ya ukutani tukaigawa. Siku tano za kwanza baada ya dripu, wakati wa kichefuchefu na mifupa kulegea, asindikize hadi langoni tu, na hata asipofika si kosa. Kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14 chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, huwa zimeshuka kabisa. Hapo anatembea, lakini haendi mnadani wala kwenye ibada iliyojaa, na mgeni mwenye mafua anasalimia akiwa nje ya uzio. Joto likifika 38, hakuna kusubiri asubuhi, ni hospitali usiku uleule. Juma la tatu ndilo la nguvu, na huko ndiko tulikoongeza umbali.

Kwa kweli kutembea nje kulimfaa hata kwa sababu hiyo ya chembe nyeupe. Zamani alikaa saa tatu katika chumba kimoja na watu sita, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Isongole. Sasa alikuwa nao kwenye upepo.

Mwishoni mwa Januari alikuwa anatembea kama dakika 25 kwa siku, kwa vipande viwili au vitatu. Kiti alikisimamia mara 9. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, hata wanaoishi na saratani, wafike dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Namba hiyo sikumtajia tangu mwanzo, nilijua angeihesabu kama deni.

Paklitakseli ikaja na jambo lake. Baada ya dripu ya sita vidole vya miguu vilikufa ganzi. "Nakanyaga, lakini kama nakanyaga godoro," alisema. Dawa ile hudhuru mishipa ya fahamu, na mtu asiyehisi ardhi huanguka, hasa Februari, mvua ikiwa imelainisha udongo wetu mpaka unateleza kama sabuni. Ndala tulizipiga marufuku. Akavaa buti za mvua za mwanawe zilizojazwa soksi, akashika fimbo, na tukahamisha matembezi kutoka alfajiri hadi saa nne, njia ikiwa imekauka kidogo. Alipenda alfajiri kwa sababu ya macho ya watu. Hilo tulibishana nalo kidogo, mpaka wifi, yuleyule wifi, akasema atatembea naye upande wa kushoto ili amkinge. Ganzi tulimwarifu daktari wake, maana ikizidi huweza kubidi dozi ipunguzwe.

Aprili alipanda basi kwenda Dar es Salaam kwa mionzi. Ni zaidi ya kilomita 800, na saratani yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, kwa hiyo nilimwomba kila abiria wakishuka, Makambako, Mafinga, Iringa, naye ashuke, na akiwa kitini akunje na kukunjua vifundo vya miguu. Akiwa huko alitembea asubuhi kando ya bahari, barabara inayopita mbele ya Ocean Road, kabla jua halijawaka. Alirudi ngozi ya kifua imeungua lakini kiti alikisimamia mara 12.

Julai

Sasa nafika kwenye kosa langu. Mwezi wa sita alikuja kliniki, anatembea vizuri, mkono unafika juu, ameanza vidonge vya homoni. Aliniuliza kuhusu shamba. Nikamjibu kwa sentensi ambayo nimeitoa kwa wagonjwa wengi: "Rudi kwenye kazi zako za kawaida, mama, ila taratibu."

Neno taratibu halina kilo wala saa. Kwa mtu wa ofisini labda lina maana fulani. Kwa mkulima wa viazi Julai, mnunuzi amekuja na Fuso kutoka Dar es Salaam, bei nzuri, magunia yanajazwa lumbesa na lori linaondoka keshokutwa, taratibu ni kuchimba kutwa bila kupiga kelele. Alichimba siku mbili mfululizo, akiburuta ndoo za viazi kwa mikono yote miwili. Siku ya tatu bangili haikutoka. Mkono wa kushoto ulikuwa umejaa kuanzia kifundo hadi juu ya kiwiko, ngozi imevutika inang'aa. Nilipobonyeza kwa kidole shimo lilibaki. Nilipopima, chini ya kiwiko ulizidi wa kulia kwa sentimita 3.5.

Tezi za kwapa zikiondolewa na mionzi ikapita, njia za kurudisha maji ya mwilini yaitwayo limfu hupungua. Takribani mwanamke 1 kati ya 5 waliotibiwa saratani ya titi hupata uvimbe huu, na waliotolewa tezi nyingi wako hatarini zaidi. Kabla ya kugusa chochote nilimpeleka kwa daktari: kuhakikisha si maambukizi, maana mkono ukiwa mwekundu na wa moto huhitaji dawa siku ileile, si damu iliyoganda, na si ugonjwa uliorudi kwapani. Yote yalikuwa salama. Tukaufunga bandeji za kubana kwa majuma mawili, tukaukanda, ukashuka.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Jembe lilikuwa limefichwa. Mwana, kijana mpole, aliniambia, "Daktari, tulikuamini." Wifi hakusema kitu. Mama alikuwa amerudi kwenye kochi lile lile, blanketi mabegani, na hata wageni aliacha kuwasindikiza, akisema miguu haina kosa lakini hana moyo.

Niliomba radhi mbele yao wote. Nilisema mama hakukosea, na mkono haukuvimba kwa sababu alifanya kazi. Ulivimba kwa sababu ulitoka kwenye kunyanyua kikombe ukaruka moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya viazi, na mimi ndiye niliyeuachia uruke. Tofauti hiyo ni kubwa. Kwa miaka mingi wanawake wenye uvimbe huu waliambiwa wasinyanyue kitu maisha yao yote. Mwaka 2009 yakachapishwa matokeo ya jaribio la wanawake 141 waliokuwa na mkono uliovimba baada ya saratani ya titi. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo sana, wakiongeza polepole, wamevaa soksi maalumu ya kubana mkono. Baada ya mwaka, waliozidiwa na uvimbe walikuwa asilimia 14 kwa walionyanyua na asilimia 29 kwa wasionyanyua. Mkono usiotumika hunyong'onyea, na mkono mnyonge hulemewa hata na mtoto.

Chupa na utepe

Mara hii kila kitu kilipewa namba. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, haihitaji mzani. Akaanza na hiyo, Jumatatu na Alhamisi, kunyanyua mbele, pembeni, na kukunja kiwiko, kila moja mara 10, apumzike, arudie. Mkono umefungwa bandeji ya kubana. Majuma mawili yakipita bila mabadiliko, chupa ya lita 1. Kisha lita 1 na nusu. Kisha kidumu cha lita 3.

Kilichobadilisha nyumba, kwa maoni yangu, ni utepe wa fundi cherehani. Nilimpa mkamwana, nikamwonyesha sehemu nne za kupima mkono, kila sentimita 10 kuanzia kifundo, akaandika kwenye daftari la shule kila Jumapili baada ya ibada. Sehemu yoyote ikizidi sentimita 1 kuliko Jumapili iliyopita, wanarudi chupa moja nyuma na kunipigia. Imetokea mara moja tu, Septemba. Yule binti aliyekuwa akinyang'anya ufagio alikuwa anaogopa kwa sababu hakuwa na njia ya kujua lini ni salama. Alipopata utepe hofu yake ikapata mahali pa kutazama, na ufagio ukarudi mikononi mwa mama bila mimi kuuombea.

Shamba nalo likapewa kipimo: jembe dogo, glavu ili asijikate, maana kidonda kidogo kwenye mkono ule huweza kuleta maambukizi makubwa, matuta mawili kisha akae na mkono juu ya goti. Kuburuta na kubeba ni kazi ya wengine, msimu huu na labda msimu ujao. Novemba walipopanda, alipanda matuta mawili asubuhi na mawili jioni, kwa siku sita. Shamba lilichelewa kuliko la majirani. Mwanawe aliona uchelewesho huo ni bei ndogo, mama aliuona ni mkubwa, na hilo bado wanajadiliana.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwao, alinipa swali ambalo nadhani alilibeba mwaka mzima. Mjukuu sasa ana miezi 15. "Naweza kumbeba mgongoni?"

Tulimpima mtoto kwenye mzani wa viazi: kilo 10. Mama alikuwa tayari anabeba kidumu cha lita 5 kulia na cha lita 3 kushoto, na mzigo wa mgongoni huchukuliwa na mgongo na miguu, si mkono. Kiti alikisimamia mara 13. Shida ilikuwa kanga tu. Ukimfunga mtoto kama kawaida, kitambaa kinakatiza begani na kubana kwapa, na mkono ule hautaki kubanwa pale. Tulijaribu mara tatu. Mwishoni wifi akapata ufundi: kanga mbili, zote zipite chini ya makwapa bila kubana, fundo likae mbele upande wa kulia, na moja ishike kiunoni. Mtoto akalia kidogo, akanyamaza.

Nilipoaga, mama akanisindikiza akiwa naye mgongoni, mkamwana nyuma yetu na mwavuli, hadi mikaratusini. Pale nikamwambia inatosha kwa leo, akageuka. "Ndaga fijo, mwanangu," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kupanda hakuhema sana.

Asubuhi yake mkamwana alinitumia ujumbe: sehemu zote nne ni zilezile, ila mama anasema kiuno kinamuuma kidogo.